Maoni Yangu Kuhusu Filamu Yamemwondoa Rafiki Yangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini limeninyima utulivu kwa wiki tano sasa. Mimi ni mpenzi wa filamu na tamthilia. Tangu mwaka 2022 ninalo daftari ambamo, kila ninapomaliza kutazama kitu, naandika jina lake, tarehe, alama kati ya kumi na maneno machache ya maoni yangu. Kila Jumapili jioni huyachukua maoni hayo nikayatuma kwenye kundi letu la simu lenye watu saba, yaani kaka yangu, wenzangu wawili wa kazini, marafiki watatu wa tangu shuleni na mimi mwenyewe. Wamezoea kunisubiri. Wapo wasiotazama kitu mpaka wajue nimekipa alama ngapi, na sitakuficha, Shangazi, kwamba jambo hilo lilinipa fahari kubwa.

Mwezi uliopita niliitazama, kwa kuchelewa, Past Lives, filamu ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Celine Song. Inamhusu Nora, aliyehama Korea Kusini pamoja na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili, na Hae Sung, mvulana waliyependana utotoni. Wanapatana tena kupitia mtandao baada ya miaka kumi na miwili, kisha wanakutana ana kwa ana New York baada ya mingine kumi na miwili, wakati Nora ameshaolewa na mwandishi aitwaye Arthur. Hakuna ugomvi, hakuna usaliti, hakuna anayetoroka na mtu. Nilichoka. Niliandika kwamba hii ni filamu ya watu wasiojua wanachotaka, nikaipa alama 4, na kwa kuwa jioni ile nilitaka kuwachekesha wenzangu, nikaongeza kwamba anayelia mwishoni mwa filamu kama hii hajawahi kuona filamu nzuri.

Mmoja wa wale marafiki wa shule, ambaye tumekuwa pamoja kwa miaka kumi na minne, alijibu neno moja tu, "Sawa", na usiku uleule akatoka kwenye kundi. Baadaye mwenzetu mwingine alinieleza kwamba rafiki yangu huyo alikuwa ameitazama filamu hiyo mara tatu, na mara ya kwanza ilikuwa wiki ileile aliyomsindikiza uwanja wa ndege mtu waliyekuwa wameshindwa kuoana. Alikuwa amepanga kutuomba sote tuitazame pamoja siku ya kuzaliwa kwake. Nilipojitetea kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, niliambiwa kwamba hakuna aliyeniomba ukweli kuhusu watu wanaolia.

Kaka yangu naye ana lake. Msimu wa pili wa Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini kuhusu michezo ya kufa na kupona, ulipotoka Desemba 2024, nilitazama vipindi viwili vya kwanza tu, nikatangaza kwenye kundi kwamba tamthilia imekwisha nguvu, nikaupa msimu alama 3. Yeye aliendelea hadi mwisho na akaupenda. Tangu siku hiyo hazungumzii tamthilia yoyote mbele yangu, na nikimuuliza anatazama nini siku hizi, hujibu kwamba hatazami kitu.

Baya zaidi nimeligundua mwenyewe. Baada ya mkasa huu nililipitia daftari langu kuanzia ukurasa wa kwanza. Julai 2023 niliiandikia Oppenheimer, filamu kuhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, alama 7, nikaeleza kwamba saa ya mwisho, yenye vikao na mahojiano, ilinizidi. Machi 2024 filamu hiyo ikashinda tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na wiki ileile nikaifuta 7 nikaandika 9 bila kuitazama upya hata dakika moja. Nilipoendelea kupekua niliona kwamba alama zangu nyingi hazikai mbali na asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ambazo huzitazama kabla ya kushika kalamu. Na pale zinapokuwa mbali, ni kwa sababu nimetaka kuonekana sifuati mkumbo.

Sasa sijui nifanye nini. Je, ninyamaze kabisa? Je, nianze kusifu kila kitu ili nisiumize watu? Nimwambie nini rafiki yangu, ilhali kwa kweli filamu ile haikunipendeza? Na haya ninayoyaita maoni yangu, ni yangu kweli?

Mwenye Daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Jambo lako si dogo. Watu huvunjiana heshima kwa sababu ya filamu upesi kuliko wanavyodhani, kwa kuwa mtu huitazama filamu akiwa ametulia na hana kinga, na anachokiona humo hukichanganya na maisha yake kabla hajatambua kwamba amefanya hivyo. Umelieleza kosa lako bila kulipamba, hata lile la kalamu ambalo hakuna mwingine angeligundua, na hilo linanipa nafasi ya kukujibu waziwazi. Nitaanza na rafiki yako, kwa sababu daftari linaweza kusubiri.

Naomba uikumbuke Past Lives inavyofunguka. Watu watatu wamekaa kwenye baa usiku mkubwa: Nora katikati, Hae Sung upande mmoja, Arthur upande wa pili. Hatusikii wanachozungumza. Tunachosikia ni sauti za watu wawili tusiowaona, waliokaa mahali fulani ng'ambo ya ukumbi, ambao wanajifurahisha kwa kubahatisha hao watatu wana uhusiano gani: huenda wale wawili ni wapenzi na yule wa tatu ni mwongoza watalii wao, huenda ni ndugu. Kisha Nora anageuza uso na kututazama sisi moja kwa moja. Muda mrefu baadaye filamu inaturudisha kwenye baa ileile na viti vilevile, ila safari hii tumesogezwa karibu, tunasikia kila neno, tunamwona Nora akiwatafsiria wanaume wawili wasioelewana lugha, na tunajua kila mmoja amekuja pale na mzigo gani. Hakuna lolote kati ya yale yaliyobahatishwa mwanzoni lililokaribia ukweli huo.

Ulipoandika kwamba hao ni watu wasiojua wanachotaka, ulikuwa umekaa kwenye viti vya wale wabahatishaji. Rafiki yako alikuwa amekaa pale kaunta, katikati ya wale watatu.

Mimi naiona filamu ile tofauti na wewe, na nitakuambia ninachokiona ili tuwe na kitu cha kubishania. Mwishoni Nora anamsindikiza Hae Sung hadi barabarani kusubiri gari. Wanasimama wakitazamana kwa muda ambao kwenye filamu nyingine ungejazwa maneno au busu, na hapa haujazwi na chochote. Gari linafika, Hae Sung anaondoka, Nora anarudi kwa miguu hadi nyumbani ambako Arthur anamsubiri nje kwenye ngazi, na ni hapo tu, mikononi mwa mumewe, ndipo analia. Kwangu mimi hao wanajua vizuri mno wanachotaka, tena wameshaamua siku nyingi, na tunachoonyeshwa ni kile ambacho uamuzi uliokwisha kufanywa unaendelea kumgharimu mtu. Una haki ya kutolikubali hilo. Pengine mwendo wa filamu ulikuwa wa polepole kupita uwezo wako wa jioni ile. Pengine ulitaka Arthur akasirike walau mara moja ili umwamini kuwa ni binadamu, na hilo la mwisho ni dai zito, kwa maana linahusu kitu kilichomo au kilichokosekana ndani ya kazi yenyewe. Rafiki yako angeweza kulijibu, mngeweza kukesha mkilijadili, na pasingekuwa na mtu wa kuondoka kwenye kundi.

Sentensi yako ya pili ndiyo iliyomwondoa. Ile ya wanaolia haikuihusu filamu hata kidogo. Iliwahusu watazamaji, na ilisemwa na mtu ambaye hakuwa ameuliza nani kati yao amelia. Ndiyo maana methali uliyoikimbilia haikusaidii hapa. Msema kweli husema alichokishuhudia, nawe ulishuhudia kuchoka kwako tu. Kuhusu elimu ya filamu ya mtu mwingine hukushuhudia chochote, ulitunga. Ungesema "nilichoka" ungekuwa umesema kweli kamili, na ukweli huo usingemuumiza mtu.

Mwandikie yeye peke yake, nje ya kundi, na usiandike maneno mengi. Unaweza kusema hivi: "Niliandika vibaya kuhusu watu wanaoguswa na Past Lives, nawe ni mmoja wao. Ile haikuwa maoni kuhusu filamu, ilikuwa dharau, na naomba radhi. Filamu yenyewe haikunifikia nilipoitazama, na sitakudanganya juu ya hilo. Ningependa kujua wewe uliona nini ambacho mimi sikukiona." Usitaje habari za uwanja wa ndege, kwa sababu hakukusimulia wewe, na ukizitaja atajua kwamba amejadiliwa akiwa hayupo. Usimwambie kwamba sasa umeipenda filamu hiyo, kwani atakujua, na hata asipokujua utakuwa umempa kitu cha bandia mahali ambapo ameshaumizwa mara moja. Na kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya watu sita, sentensi moja ya kulikana iende pia kwenye kundi, bila kumtaja yeye wala sababu zake. Akikubali siku moja muitazame pamoja, daftari libaki nyumbani, macho yako yawe kwenye skrini na si kwenye uso wake.

Asipojibu, subiri. Yeye alikuwa akiisubiri siku yake ya kuzaliwa ili awaombe ninyi muitazame; nawe unaweza kusubiri zaidi ya wiki tano.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo mzizi wa mengine. Umesema alama zako hukaa karibu na asilimia za Rotten Tomatoes, na zikikaa mbali ni kwa kutaka kuonekana hufuati mkumbo. Hayo mawili uliyatenganisha kana kwamba moja ni ugonjwa na jingine ni dawa. Kwangu ni ugonjwa mmoja. Anayefuata umati na anayeukimbia wote wawili wameanza kwa kuutazama umati, na alama ya 9 uliyoiandika Machi 2024 ni ndugu wa damu wa alama ya 4 uliyoitoa mwezi uliopita. Ile ya kwanza ilikopwa kwa waliotoa tuzo. Ya pili ilitolewa ili watu waone kwamba wewe hukopi.

Huenda ungejali asilimia hizo kidogo zaidi kama ungezingatia zinachopima. Ile asilimia kubwa unayoiona haielezi filamu ni nzuri kiasi gani. Inaeleza ni wahakiki wangapi kati ya mia walioipendekeza. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona kuwa ni ya kuridhisha tu, bila kumnyima mtu usingizi, inaweza kupata 100. Filamu ambayo nusu ya wahakiki wameiona kuwa ni filamu bora waliyowahi kuiona na nusu wameikimbia itapata 50, ilhali huenda hiyo ya pili ndiyo utakayoikumbuka baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo ulipokuwa ukigeuza asilimia 95 kuwa alama 9 na nusu, ulikuwa ukigeuza hesabu ya vichwa vya watu kuwa kipimo cha ubora, na kitu hicho hakijawahi kudaiwa na hesabu yenyewe.

Hata wale wanaopima ubora kwa dhati hawakai mahali pamoja. Jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likiwauliza wahakiki, kila baada ya miaka kumi tangu 1952, ni filamu zipi bora kuliko zote. Citizen Kane ilishika nafasi ya kwanza kuanzia 1962 na haikutoka hapo hadi 2012, ilipopitwa na Vertigo ya Alfred Hitchcock, filamu ambayo ilipotoka mwaka 1958 iligawanya wahakiki. Mwaka 2022 nafasi hiyo ikachukuliwa na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, kazi ya mwaka 1975 inayozidi saa tatu, ambamo kwa sehemu kubwa tunamtazama mwanamke mmoja akifanya kazi za nyumbani. Filamu hizo hazikubadilika hata picha moja katika miaka yote hiyo; waliobadilika ni wapigakura na macho yao. Nakueleza haya ili uone kwamba yule unayemkimbilia kabla ya kushika kalamu naye bado anatafuta.

Basi andika kwanza, tazama baadaye. Taa zikiwaka, au majina yakianza kupanda kwenye skrini, andika kitu kimoja ulichokiona na kitu kimoja kilichokutokea ulipokiona, kabla hujafungua simu. Usianze na alama. Nitakupa mfano wa daftari langu, kwa maana nami ninalo. Nilipomaliza kipindi cha tatu cha Adolescence, ile tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2025 yenye vipindi vinne tu, kila kimoja kikiwa kimepigwa picha kwa mkupuo mmoja bila kamera kukatwa, niliandika maneno mawili: "kipande cha mkate". Kipindi hicho karibu chote ni chumba kimoja, meza moja, mvulana wa miaka kumi na mitatu anayetuhumiwa kuua na mwanasaikolojia aliyekuja kumhoji. Mwanamke huyo amemletea nusu ya mkate wake wenye jibini. Mvulana anasema havipendi vilivyomo, kisha baadaye, katikati ya mazungumzo, anaumega kwa meno. Kufikia mwisho ameshapiga kelele, ameshatisha, ameshatolewa nje na walinzi, na mwanamke anabaki peke yake mezani na kile kipande chenye alama ya meno ya mtoto. Sikuhitaji mtu aniambie kipindi hicho ni kizuri, na hata nisingekipenda ningekuwa na kitu cha kumwonyesha anayekipenda. Kuanzia hapo niliweza kueleza mengine: kwamba kutokukatwa kwa kamera kulininyima mahali pa kupumzika, kama vile mwanamke yule alivyonyimwa, kwamba Owen Cooper, aliyeigiza kwa mara ya kwanza katika tamthilia hiyo, anabadilika kutoka mtoto hadi kitu cha kuogofya bila mhariri kumsaidia kwa mkasi, na kwamba kipindi cha pili, cha shuleni, kilinishika kidogo, kwa sababu mle kamera ilinikumbusha mara nyingi mno kwamba inakimbia. Hayo ni maoni. Yana sifa na yana lawama, na yote yamefungwa kwenye jambo ambalo mwenzangu anaweza kwenda kulitazama mwenyewe akanipinga.

Kuhusu kaka yako sitakawia, maana hapo kosa liko wazi. Msimu wa pili wa Squid Game una vipindi saba, na katika viwili vya kwanza michezo yenyewe haijaanza. Inaanza katika cha tatu. Ulihukumu mashindano ukiwa bado uko njiani kwenda uwanjani. Tena hata aliyefika mwisho wa msimu hakufika mwisho wa kisa, kwa kuwa kilikatwa njiani na kukamilishwa katika msimu wa tatu Juni 2025, jambo ambalo binafsi naliona kuwa ni kasoro kubwa ya msimu ule kuliko polepole ya mwanzo wake. Tamthilia si lazima uimalize, muda ni wako. Lakini ukiacha njiani, sema umeacha njiani na kwa nini: "Nilitazama viwili, havikunivuta, nimeacha." Hiyo ni habari ya kweli na ina manufaa. Alama 3 kwa msimu mzima haikuwa habari ya kweli. Mwambie hivyo kaka yako, kisha muulize vipindi vitano ambavyo hukuviona vilikuwa na nini. Namfahamu mtu wa namna hiyo. Anayesema hatazami kitu mara nyingi ana mengi ya kusimulia na hana wa kumsikiliza.

Uliuliza kama uanze kusifu kila kitu. La. Wenzako wanakusubiri Jumapili kwa sababu wanaamini kwamba ukisema kitu kimekushika, kimekushika kweli, na siku utakayosifu kumi kati ya kumi ili pasiwe na kelele, wataliona jambo hilo kabla yako. Sioni pia sababu ya kunyamaza. Ukali wako una thamani pale unapoelekezwa kwa waliotengeneza filamu, ambao wamelipwa, wamesifiwa na wanaweza kustahimili kuambiwa kwamba onyesho fulani limerefushwa bure. Filamu ikisema uongo kuhusu watu, mwanamke akiwekwa mle ili afe tu na kumpa mumewe sababu ya kulipiza kisasi, mwisho ukibandikwa kwa haraka ili msimu mwingine uuzwe, yaseme kwa sauti. Mimi husema, na sitaacha.

Kubadili maoni nako si aibu. Kilichokuharibia ni namna ulivyobadili. Roger Ebert, mhakiki wa Marekani, aliipa Groundhog Day nyota tatu kati ya nne ilipotoka mwaka 1993. Mwaka 2005 aliiandikia upya, akaiingiza katika mkusanyiko wake wa filamu kuu, na akakiri kwamba mara ya kwanza aliipunja. Maandishi ya kwanza yapo hadi leo pamoja na nyota zake tatu, na ya pili yapo kando yake, ili msomaji aone mtu yuleyule katika nyakati mbili. Aliirudia filamu ndipo akabadilika. Wewe ulirudia taarifa ya tuzo.

Nami nitakuambia neno kuhusu ile 7 yako, kwa sababu naona uliifuta ikiwa na haki ya kuishi. Saa ya mwisho ya Oppenheimer ni nzito kweli. Kikao cha mwaka 1954 kinachomnyang'anya mwanasayansi kibali chake cha siri za serikali kinafumwa pamoja na kile cha Seneti cha mwaka 1959 kinachomhusu Lewis Strauss, ofisa wa serikali aliyekuwa hasimu wake, na mtu asiyezijua siasa za Marekani za miaka hiyo hulazimika kukimbilia majina. Nilichoka pia, nilipoitazama mara ya kwanza. Mara ya pili nilishikwa na jambo dogo. Bomu linapolipuka jangwani tunauona mwanga kwanza, moto unapanda juu, na hakuna kishindo. Tunasikia pumzi tu. Ngurumo inafika baadaye sana, kama inavyokuwa kwa yeyote anayetazama mlipuko kwa mbali, kwa kuwa sauti husafiri polepole kuliko mwanga. Nilipofika kwenye vile vikao nikafikiri kwamba saa ile yote ni ngurumo inayofika kwa kuchelewa: jambo limeshafanyika, mwanga umeshapita, na sasa kishindo chake kinawafikia watu mmoja mmoja vyumbani. Nikaacha kuchoka. Bado nadhani Christopher Nolan, mwongozaji wake, angeweza kupunguza dakika kumi na tano bila kupoteza kitu, na katika daftari langu nimeandika hivyo. Wewe unaweza kuirudia ukaona kwamba 7 ilikuwa sawa, na filamu bora ya mwaka ikabaki na 7 kwako bila wewe kuwa na deni la kumweleza mtu.

Kwa hiyo fungua ukurasa ule wa Julai 2023 uirudishe 7 mahali pake, na kando ya 9 uandike tarehe uliyoiandika na sababu yake halisi. Jumapili ijayo watumie wenzako maoni yasiyo na alama yoyote, wakulalamikie kidogo, watazoea. Ila ujumbe wa rafiki yako utangulie, uende leo. Kuhusu Past Lives, iache na 4 yake hadi utakapoitazama tena. Na rafiki yako akikubali kukueleza alichokiona, kiandike chini ya 4 hiyo kwa maneno yake mwenyewe, uache nafasi, kisha ndipo uongeze la kwako.

Shangazi